Zahanati, Kituo cha Afya au Hospitali: Mjamzito wa Nyanda za Juu Kusini Aanzie Kliniki Wapi

Wifi yangu alipopata ujauzito wa pili alikuwa akiishi katika kijiji kimoja cha Mufindi kilichozungukwa na misitu ya mbao, na alikuwa na mahali patatu pa kuanzia kliniki. Zahanati ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, kituo cha afya cha kata ya jirani kilihitaji bodaboda, na hospitali iliyoko Mafinga ilimtaka aamke alfajiri, awahi gari la kwanza na kurudi jioni. Alinipigia simu akaniuliza, "Wifi, wewe uliyezalia mjini, niende wapi?" Nilimjibu bila kufikiri kuwa aende hospitali, kwa sababu huko kuna madaktari. Jibu lile lilikuwa na ukweli wa nusu tu. Kwa kuwa nimewasikia wanawake wengi wakiulizana swali hilohilo, tangu Makete hadi Busokelo, nimeona niviweke vituo hivi kimoja kando ya kingine na kueleza kila kimoja kinampa nini mama na kinamdai nini.

Nimechagua kuvipima zaidi kwa jambo moja, nalo ni uwezo wa kumkinga mtoto asipate virusi vya UKIMWI kutoka kwa mama yake. Mikoa yetu ina sababu ya kulitanguliza jambo hili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kuwa kati ya watu wazima nchini asilimia 4.4 wanaishi na VVU, ilhali Njombe ni asilimia 12.7, Iringa asilimia 11.1 na Mbeya asilimia 9.6. Hakuna mikoa mingine iliyoitangulia mitatu hiyo. Kwa mjamzito wa huku, kipimo cha VVU ni sehemu ya kliniki inayomhusu moja kwa moja, hata kama anajiona mzima na ndoa yake imetulia.

Kinachotafutwa kliniki

Virusi huweza kumfikia mtoto katika nyakati tatu: akiwa tumboni, wakati wa uchungu na kujifungua, na wakati wa kunyonya. Pasipofanyika lolote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na mama wenye VVU, watoto 15 hadi 45 huambukizwa. Mama akianza dawa mapema na kuzimeza kila siku, hata katika jamii zinazonyonyesha kama zetu, idadi hiyo inaweza kushuka chini ya 5. Pengo hilo kubwa linazibwa na vitu visivyohitaji ghorofa: kipimo cha damu cha mwanzo wa mimba, kidonge kimoja kwa siku, dawa ya maji anayopewa mtoto mchanga, na matone machache ya damu yanayochukuliwa kwenye kisigino chake. Tangu mwaka 2013 Tanzania ilipochukua utaratibu wa kumwanzishia kila mjamzito mwenye VVU dawa za maisha yote bila kusubiri kinga yake ishuke, dawa hizo zimesogezwa hadi kwenye kliniki za wajawazito za ngazi ya chini, na hazilipiwi.

Hapo nyuma mambo hayakuwa hivyo. Huduma hii ilipoanza kwa majaribio mwaka 2000 ilitolewa katika hospitali tano tu nchi nzima, na hospitali ya rufaa ya Mbeya ilikuwa mojawapo. Mama wa Ludewa au wa Ileje wa wakati ule hakuwa na uchaguzi wa kulinganisha.

Jambo la pili la kukumbuka kabla ya kulinganisha ni urefu wa safari yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mjamzito ahudhurie kliniki mara zisizopungua 8, hudhurio la kwanza likiwa kabla ya wiki ya 12. Mama mwenye VVU anaongeza siku za kuchukua dawa, kipimo cha wingi wa virusi kwenye damu, siku za chanjo za mtoto na vipimo vya mtoto hadi afikishe miezi 18. Ukizihesabu zote, unapata safari zaidi ya ishirini katika muda wa miaka miwili na kidogo. Kituo kizuri sana ambacho mama atakifikia mara tatu kisha akakata tamaa kina thamani ndogo kwake kuliko kituo cha kawaida atakachokifikia mara zote ishirini. Hilo ndilo nililolisahau siku ile nilipomjibu wifi.

Zahanati ya kijijini

Faida yake ya kwanza ni miguu. Mwanamke anakwenda na kurudi kabla jua halijawa kali, hana nauli ya kuomba kwa mtu, na mvua zinapoanza Novemba, wakati wa kupanda mahindi, halazimiki kuchagua kati ya shamba na kliniki. Wale wanaozijua barabara za Makete na za milimani Rungwe kati ya Januari na Aprili hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hili. Gari hukwama, bodaboda hupandisha nauli, na mwenye mimba ya miezi minane hapaswi kukalishwa nyuma ya pikipiki inayoteleza kwenye tope jekundu.

Huduma zenyewe ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Zahanati nyingi zinapima VVU na kaswende kwa tone la damu la kidoleni, majibu yakatoka mama akiwa amekaa palepale kwenye benchi. Zinapima presha na wekundu wa damu, zinatoa vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kuzuia malaria na chandarua. Mama akikutwa na VVU anaanzishiwa dawa katika kliniki hiyohiyo ya baba, mama na mtoto, mara nyingi siku hiyohiyo, na anaendelea kuzichukua hapo mpaka mtoto apate majibu yake ya mwisho. Hapelekwi kwenye foleni nyingine.

Kuna jambo dogo ambalo muuguzi anayekufahamu hulikumbuka na daktari mwenye haraka huweza kulipita. Dawa inayotumika sasa kwa wengi ina dolutegravir ndani yake, na kidonge cha madini ya chuma kikimezwa pamoja nayo tumbo likiwa tupu hupunguza nguvu yake. Mama anatakiwa ama ameze vyote viwili pamoja na chakula, ama ameze dawa ya virusi saa 2 kabla ya kidonge cha chuma au saa 6 baada yake. Vilevile, anayetumia septrini, dawa ya kuzuia magonjwa nyemelezi, kwa ajili ya VVU hapewi SP ya malaria, kwa kuwa dawa hizo mbili hazichanganywi. Wifi yangu aliyajua yote mawili kutoka kwa nesi wa zahanati, ambaye alimchorea jua na mwezi nyuma ya kijikaratasi ili asichanganye nyakati.

Faida nyingine inaonekana baada ya kujifungua. Mtoto wa wiki 6 anapelekwa kupata chanjo, na siku hiyohiyo ndiyo ya kipimo chake cha kwanza cha VVU. Nililiona zoezi hilo kwa macho yangu. Nesi alikipasha moto kisigino cha mtoto kwa kitambaa kilichochovywa maji ya uvuguvugu, akakichoma pembeni, kisha akayaacha matone yajae yenyewe katika viduara vilivyochorwa kwenye karatasi nene nyeupe, kiduara kimoja baada ya kingine, bila kukikamua kisigino. Karatasi ikaachwa ikauke mbali na jua, ikatiwa kwenye bahasha pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Damu iliyokaushwa namna hiyo husafiri hata kwa pikipiki bila kuharibika, ikafika kwenye maabara kubwa kama ile ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Mama hana haja ya kusafiri kwa sababu ya kipimo kinachoweza kusafiri chenyewe.

Upungufu wake nao ni wa kweli, na sitaki kuupamba. Zahanati haina chumba cha upasuaji wala damu ya kuongezea. Majibu ya sampuli hukawia, wakati mwingine kwa wiki kadhaa, na mama akikaa kimya yanaweza kulala kwenye droo. Dawa ya maji ya mtoto au vitendanishi vya kupimia damu huweza kuisha. Watumishi ni wachache, hivyo mmoja akienda semina na mwingine akiugua, mlango unafungwa. Niliwahi kumsindikiza jirani kwenye zahanati moja, ambayo sitaitaja, tukakaa tangu saa mbili hadi saa saba mchana kabla ya kuambiwa turudi Jumatatu, na yule jirani hakurudi tena mpaka mimba yake ilipofika miezi saba. Siku moja iliyopotea namna hiyo huweza kumgharimu mtu miezi mitatu ya dawa.

Kituo cha afya

Hapa naweza kuwa mfupi, kwa sababu mahali kilipoboreshwa hakina mpinzani. Tangu mwaka 2017 Serikali iliongeza majengo ya upasuaji na ya wazazi katika vituo vya afya vingi, na mama aliye karibu na kituo cha namna hiyo anapata mambo mawili kwa pamoja: ukaribu wa kumwezesha kurudi, na mtu wa kumpasua ikibidi. Lakini jina "kituo cha afya" halitoshi kuwa ushahidi. Ulizeni kama upasuaji unafanyika kweli, usiku pamoja na mchana, na kama damu ipo. Jengo jipya lenye mlango wa chumba cha upasuaji uliofungwa kwa kufuli ni zahanati yenye rangi nzuri.

Hospitali

Tunazo hospitali za aina mbalimbali, na mama anayezilinganisha asizichukulie kuwa kitu kimoja. Zipo za wilaya na za mkoa, kama Makandana kule Tukuyu na hospitali za rufaa za mikoa ya Iringa na Mbeya. Zipo za mashirika ya dini, ambazo kwa miaka mingi zimebeba mzigo mkubwa wa vijiji vya mbali: Tosamaganga, Ilembula, Ikonda, Igogwe, Chimala. Na juu yake ipo rufaa ya kanda Mbeya, yenye kitengo chake cha wazazi cha Meta.

Hospitali inaizidi zahanati kwa yale yanayotokea ghafla na yale yasiyo ya kawaida. Mama aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, mwenye presha inayopanda, mwenye upungufu mkubwa wa damu, anayebeba mimba ya tano au zaidi, mfupi wa chini ya sentimeta 150, au msichana wa chini ya miaka 16, hao wote wanahitaji kujifungulia palipo na daktari hata kama hawana VVU. Hospitali pia ndiyo mahali pa mama ambaye kipimo cha wingi wa virusi kimeonyesha kuwa virusi bado ni vingi licha ya dawa, kwa sababu hapo panahitajika mtu wa kuchunguza kama tatizo ni namna ya kumeza au ni dawa yenyewe, na mtoto wake atahitaji kinga ya dawa mbili kwa muda mrefu zaidi badala ya nevirapini, ile dawa ya maji, peke yake kwa wiki 6. Baadhi ya hospitali zina mashine ya kupima damu ya mtoto na kutoa majibu siku hiyohiyo, na hiyo ni nafuu kubwa kwa moyo wa mama.

Hata hivyo, wapo wanaokimbilia hospitali kwa sababu isiyo sahihi. Nimesikia mara nyingi kuwa mwenye VVU lazima apasuliwe ili mtoto asalimike. Sivyo. Mama anayemeza dawa vizuri na virusi vyake vimefubaa anaweza kujifungua kwa njia ya kawaida, na VVU peke yake si sababu ya kupasuliwa.

Gharama zake ni za aina mbili. Kwa sera ya nchi, huduma za mjamzito katika vituo vya umma hazilipiwi, na vipimo vya VVU pamoja na dawa zake ni bure hata katika hospitali nyingi za misheni. Lakini nauli si bure, chakula cha msindikizaji si bure, na kanga, glavu, pamba na mpira wa kutandika kitandani mara nyingi huagizwa uje navyo. Katika hospitali ya shirika la dini, ulizeni mapema kujifungua kwa kawaida ni kiasi gani na kwa upasuaji ni kiasi gani, muanze kuweka akiba mimba ikiwa changa. Gharama ya pili ni foleni. Mama anaonwa na mtu tofauti kila anapokwenda, na kila mmoja anaanza kumuuliza upya yale aliyokwisha kuyaeleza kwa uchungu.

Siri: karibu au mbali

Kwa wanawake wengi hili ndilo jambo linaloamua, ingawa mdomoni watasema ni umbali au ni dawa. Kijijini nesi ni shemeji wa fulani, mhudumu ni mwanakwaya mwenzako, na mwanamke anayeonekana ametoka chumba fulani akiwa na mfuko mweusi anahesabiwa siku zake. Kwa hiyo wapo wa Tukuyu wanaochukua dawa Mbeya mjini, na wa Njombe wanaokwenda hadi Makambako, na sina neno la kuwalaumu. Woga wao una msingi; ndoa zimevunjika kwa maneno yaliyovuja.

Lakini tuliweke kwenye mizani kwa haki. Aliye mbali analindwa na umbali, ila umbali huohuo unamnyima dawa siku asiyokuwa na nauli, na nyumbani anahitaji kutunga sababu ya safari ya kila mara, jambo ambalo nalo huzua maneno. Aliye karibu, akiwa mjamzito, ana sitara ambayo mtu mwingine hana: kila mwanamke mwenye tumbo huenda kliniki, na kwa kuwa dawa zinatolewa humohumo, foleni ya wajawazito haimtofautishi na jirani yake. Baada ya hapo kuna Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008, inayomtaka mtumishi wa afya atunze siri ya majibu ya mtu. Anayevujisha siri ya mama amevunja sheria, na mama ana haki ya kulifikisha jambo hilo kwa mganga mfawidhi au kwa mganga mkuu wa wilaya.

Ushauri wangu kwa mwenye woga huu ni kwamba achague kwanza mtu, kisha jengo. Apite mara moja zahanati kwa shida ndogo, amwangalie nesi anavyozungumza na wengine, kama anaita majibu kwa sauti au anamsogelea mtu. Akimwamini, abaki karibu. Asipomwamini, aende mbali kwa mpango kamili: aombe dawa za miezi kadhaa kwa pamoja mara hali yake itakaporuhusu, na awe na mtu mmoja anayejua.

Kugawanya huduma

Wengi hudhani ni lazima kuchagua kituo kimoja tu. Mama anaweza kuhudhuria kliniki zahanati na kujifungulia hospitali, na kwa maoni yangu huo ndio mpango unaowafaa wanawake wengi wa vijijini huku kwetu. Kinachotakiwa ni kadi yake iwe imeandikwa kila kitu, pamoja na tarehe aliyoanza dawa na majibu ya mwisho ya wingi wa virusi, kwa sababu mkunga atakayempokea usiku ataamua kinga ya mtoto kwa maandishi hayo. Hospitali kadhaa zina nyumba ya kusubiria wajawazito, ambayo wengine huiita chigonela, na aliye mbali anaweza kuhamia hapo wiki zake za mwisho. Dharura ikitokea kabla ya hapo, namba 115 ya mfumo wa m-mama hupigwa bure ili mama atafutiwe usafiri.

Mpango huu una ufa mmoja, nao ni desturi yetu ya binti kurudi kwa mama yake kujifungua. Mwanamke anatoka Uyole kwenda Kyela, au Iringa mjini kwenda Ludewa, akiwa na vidonge vya wiki mbili, na anakaa miezi mitatu. Vidonge vinaisha, anaona haya kujitambulisha kwenye zahanati ya ujombani, na kunyonyesha kunaendelea bila dawa. Kabla ya kusafiri aombe vidonge vya kutosha au barua ya uhamisho, na aondoke na dawa ya maji ya mtoto ikiwezekana. Ahakikishe pia kituo anachokwenda kujifungulia kinayo, maana mtoto anapaswa kuanza kuimeza mapema baada ya kuzaliwa, siku zisipite.

Na mwenzi wake? Mahali popote anapokubali kufika ni pazuri. Mwanaume akipima naye, dawa hazihitaji kufichwa kwenye debe la unga. Vipo vituo vinavyomwambia mama arudi na mume ndipo ahudumiwe. Mama asiye na mume wa kuja naye asikubali kurudi nyumbani mikono mitupu, aeleze hali yake na kudai huduma, kwani kumshirikisha mwenzi ni jambo la kuhimizwa na halipaswi kuwa ufunguo wa mlango.

Jambo la mwisho la kulinganisha linahusu mama aliyepimwa akakutwa hana VVU. Yeye naye arudie kipimo miezi ya mwisho ya mimba na tena akiwa ananyonyesha, maana anayeambukizwa katika kipindi hicho huwa na virusi vingi na hajui. Kwa ajili hiyo zahanati ya karibu inatosha kabisa.

Wifi, ambaye ameniruhusu niandike haya bila jina lake, alikutwa na virusi katika hudhurio la kwanza, mimba ikiwa na wiki 11. Aliendelea na zahanati, na kwa kuwa uzazi wake wa kwanza ulikuwa wa upasuaji, akaenda Mafinga wiki mbili kabla ya siku zake, akajifungua mtoto wa kiume. Alimnyonyesha maziwa yake tu kwa miezi 6, kisha akaendelea kumnyonyesha pamoja na uji. Majibu ya wiki ya 6 yalikawia mwezi mzima, na kila Alhamisi alipita kuyaulizia hadi yakaja. Mtoto alipofikisha miezi 18 alikwenda kupata chanjo ya pili ya surua, na nesi yuleyule aliyemchorea jua na mwezi akamchoma kidole, akaweka saa yake ya mkononi juu ya meza kando ya kipimo, wakasubiri. Mstari mmoja tu ulijitokeza: mtoto hana virusi. Nesi akaandika kwenye rejista kubwa, akaigeuza kumwelekea wifi ili aisome mwenyewe, kisha akamwandalia yeye mama faili la kuhamia CTC, kliniki ya matunzo na tiba kwa wanaoishi na VVU, na kumwelekeza siku ya kwenda kuchukua dawa zake za mwezi ule.